Nusu ya jibu

Mimi ni mkalimani, ingawa cheti sina. Nilizaliwa Uvira. Kiswahili ni cha nyumbani, Kirundi nilikipata kwa majirani, na Kiingereza nilikisomea hapahapa Kakuma, ambako pia nafundisha. Kwa hiyo watu wakikosa mkalimani, huniita. Miaka mitatu iliyopita niliitwa mahakamani kumtafsiria kijana Mrundi wa bloku yetu, na tangu siku ile kuna swali haliniachi: mtu akishasema "ndiyo, nimekosa" mbele ya hakimu, anaweza kulirudisha neno hilo?

Kijana alishtakiwa kuvunja duka na kuiba. Alikuwa amekutwa na paneli ya sola iliyotoka kwenye duka hilo. Alikaa rumande miezi minne, mke wake akajifungua yeye akiwa ndani. Ndipo upande wa mashtaka ukaleta pendekezo: shtaka la kuvunja liondolewe, yeye akiri kwamba alipokea mali ya wizi, apewe kifungo cha nje, arudi kwake wiki hiyohiyo. Kenya inaruhusu makubaliano ya namna hii tangu 2008. Yako kwenye sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kuanzia kifungu cha 137A.

Tulikaa kwenye benchi ya korido. Kiongozi wa mashtaka alikuwa amesimama, karatasi mkononi, anaangalia saa. Nikamwambia kijana, "Wanasema ukikubali, unaenda nyumbani." Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa Kirundi, kwemera ni kuamini, ni kuafiki, na pia ni kukiri. Kiswahili chetu nacho si kizuri zaidi hapo: unakubali soda, unakubali kosa, neno ni lilelile. Akajibu, "Ndemera," halafu akaendelea kwa Kirundi: lakini ile paneli niliinunua sokoni, sikujua ilitoka wapi. Mimi nikageuka nikasema kwa Kiingereza, anakubali. Nusu ya pili niliiacha palepale kwenye benchi.

Hakuna aliyenipa kitu. Nilimwonea huruma, basi. Nilikuwa nimemwona yule mtoto mgongoni mwa mama yake pale nje, na nilijua nikiitoa ile nusu nyingine, pendekezo litaanguka na kijana atarudishwa ndani. Kwa hiyo niliamua kwa niaba yake, na sikumwambia kwamba nimeamua. Ndani ya mahakama hakimu alimsomea haki anazoziachia, kwamba hakutakuwa na kesi ya kusikiliza mashahidi, kwamba rufaa itakuwa finyu. Nilizitafsiri mbiombio. Sheria inataka pia mkalimani athibitishe kwa maandishi kwamba anaijua lugha na ametafsiri sawasawa. Nilitia sahihi.

Mwaka jana kijana aliitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Akaulizwa kama amewahi kutiwa hatiani. Akasema hapana, na alisema kwa moyo mweupe, maana kichwani mwake yeye aliachiliwa. Faili lilisema vingine. Sasa amekuwa mwizi na mwongo kwa pamoja. Alikuja kwangu usiku, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza, "Mwalimu, ni lini nilisema mimi ni mwizi?"

Tulienda kwa wakili wa msaada wa kisheria. Huyo alitueleza polepole, na nilitamani ningejifunza polepole hiyo mapema. Ukishahukumiwa kwa makubaliano, rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu, kama imezidi au kama ni halali. Lakini kuna mlango mmoja mdogo, kifungu cha 137L: mshtakiwa anaweza kurudi kwenye mahakama ileile iliyomhukumu na kuomba hatia ifutwe, kama ilipatikana kwa ulaghai au kwa kuelezwa mambo yasiyo ya kweli. Tutajaribu kusimama hapo, alisema. Tena akatutajia kesi ya zamani, Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, ambayo mahakama za Kenya bado zinaifuata: mashtaka yaelezwe kwa lugha anayoielewa mtu, jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, na akisema jambo linalotia shaka kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. "Niliinunua, sikujua" ni jambo la namna hiyo hasa. Maneno mawili, matatu.

Nilipomweleza mzee mmoja wa bloku, hakufurahi. Alisema, huyo kijana amekula tunda la makubaliano. Alilala kwake, akamshika mtoto wake, na mwenye duka akarudishiwa paneli yake, akafunga moyo. Leo neno limegeuka mzigo ndiyo anataka kulitema? Sikumjibu upesi, maana ana haki. Mwenye duka naye ni mtu. Na kama kila aliyekiri anaweza kurudi siku neno likimuuma, basi hakuna kesi itakayokwisha duniani. Sioni ubaya mlango kuwa mdogo.

Ila wakili alitusimulia habari ya Jae Lee, Mkorea aliyeingia Marekani akiwa mtoto, akafungua mgahawa Memphis. Alishtakiwa kwa dawa za kulevya. Wakili wake alimhakikishia kwamba akikiri hatafukuzwa nchini, akakiri, kumbe kufukuzwa kulikuwa lazima. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito, hata kesini angeshindwa karibu kwa hakika. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilimpa haki ya kulirudisha neno lake hata hivyo, kwa sababu kama angejua, angechagua kesi. Hii ilinigusa kuliko zote. Mimi siku zote nilikuwa nauliza kama kijana wetu alifanya au hakufanya. Swali hilo halikunihusu pale kwenye benchi. Lililonihusu ni kama alijua anatoa nini na anapokea nini. Yeye alikubali kwenda nyumbani. Kosa hakulikubali, na mtu pekee aliyeisikia tofauti hiyo ni mimi.

Kwa hiyo namjibu mzee hivi: kama sheria inaufanya mlango wa kutokea kuwa mdogo, basi kwenye mlango wa kuingilia watu wasisukumwe. Nanyi ndugu wa mashirika mnaotuita siku hiyohiyo asubuhi, "njoo utusaidie dakika kumi", jueni kwamba kwenye zile dakika kumi maisha ya mtu yanatiwa sahihi. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Haijasema mkalimani mwenye haraka.

Hatari bado ipo. Hatia ikifutwa, kesi inaweza kuanza upya, na lile shtaka la kuvunja duka likarudi. Safari hii nilimwambia yote, mara mbili, kwa Kirundi, nikamwomba anirudishie kwa maneno yake kile alichoelewa. Alikaa siku tisa bila kujibu. Mke wake hakutaka, aliniambia waziwazi nimewaharibia mara moja inatosha. Siku ya kumi kijana akasema, tuende.

Nimeapa hati ya kiapo kwamba uthibitisho nilioutia sahihi haukuwa wa kweli. Wakili alinionya kwamba naweza kuulizwa maswali juu ya hilo, na kazi za ukalimani zimekauka tangu habari ienee. Kesi imepangiwa tarehe. Mkalimani atakuwa mtu mwingine, mama mmoja wa kutoka Ruyigi. Nimemwomba aketi karibu na kijana, na akishindwa na neno, asimamishe watu wote aulize.