Aliyepewa Zana za Mabingwa

Kijana mmoja alikuwa na kiu ya kweli. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anangoja chuo; kompyuta ameazima kwa binamu yake, na bando anajinunulia kwa vibarua. Alikuwa amesoma mahali kwamba waliobobea katika programu huiheshimu sana lugha iitwayo Lisp, naye akaitaka. Akafanya linalopasa kufanywa: akawauliza waliomtangulia.

Wa kwanza akamwambia, "Mdogo wangu, Lisp yenyewe ni Common Lisp. Weka SBCL, weka Emacs, juu yake weka SLIME. Hapo umemaliza." Vyote alivyotajiwa ni vizuri. Lakini mshauri hakumwuliza amewahi kuandika programu gani wala anataka kutengeneza nini.

Akaanza na SBCL, programu inayoendesha Common Lisp, katika dirisha jeusi la amri. Ikamkaribisha kwa kinyota. Akaandika (+ 2 3), ikajibu 5, akafurahi. Kisha akaandika kama alivyozoea tangu shule ya msingi: (2 + 3). Skrini ikajaa maneno, kinyota kikatoweka, mahali pake ikaja alama 0]. Hakujua kwamba ameingia sehemu ya kusaka makosa, wala kwamba kuandika 0 peke yake kungemtoa. Akajaribu tena, akakosea tena. Alama ikawa 0[2], halafu 0[3], kila kosa likimzamisha ngazi moja zaidi. Akabonyeza mshale wa juu ili arudishe alichokuwa ameandika, zikatokea ^[[A. Akafunga dirisha.

Kwa mzoefu, sehemu ile ni hazina. Programu imesimama bila kufa. Unaweza kuchungulia thamani zilizomo, ukarekebisha fanksheni yenye kasoro, ukaendelea na kazi. Kwa mtu wa siku ya kwanza ni shimo lisilo na ngazi.

Akahamia Emacs, kihariri cha kuandikia msimbo. GNU Emacs ilitolewa kwa umma mwaka 1985, na vitufe vyake vina desturi zao: Ctrl na C hainakili, Ctrl na V haibandiki. Kijana aliyekuja kujifunza lugha moja akajikuta anajifunza mbili, na ile ya vitufe ndiyo iliyokula muda wake. Mshauri wa pili akamhurumia: "Achana na hayo, ajira iko Clojure." Clojure, iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007, hukimbia juu ya mtambo wa Java, na kosa likitokea aghalabu huja na mlolongo mrefu wa majina ya Java. Kijana hakuwa amegusa Java maishani mwake. Wa tatu akamtaka asome kitabu cha Abelson na Sussman cha mwaka 1985, kinachotumia lahaja ya Scheme. Ni kitabu kikubwa, nakipenda, ila kiliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa MIT, na kurasa zake za mwanzo zinakokotoa kipeuo cha pili kwa njia ya Newton. Kijana wetu hesabu alikuwa ameziacha kidato cha nne.

Bando likaisha. Alikuwa na lahaja tatu zilizosakinishwa nusunusu, na hakuwa ameandika hata fanksheni moja inayojiita yenyewe. Nilipomwuliza amefikia wapi, akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hii si ya watu wenye akili kama yangu." Neno hilo bado linaniuma. Waliomshauri walikuwa watu wema, kila mmoja alimpa kile anachokipenda mwenyewe, na matokeo yake kijana akajihukumu kwa kosa ambalo si lake.

Mkanganyiko huu una asili yake. John McCarthy aliibuni Lisp huko MIT mwaka 1958, na jina hilo leo ni la ukoo mzima. Scheme ilizaliwa humo mwaka 1975 mikononi mwa Sussman na Steele. Common Lisp ikapata kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1994. Clojure ni mjukuu. Anayesema "jifunze Lisp" bila kutaja ipi hajamwelekeza mtu popote.

Wapo waliolichukulia tatizo la anayeanza kwa uzito. Katika miaka ya 1990, Matthias Felleisen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, waliwaangalia wanafunzi wakiwa maabara, wakaona wanakwama wapi hasa. Mfano mmoja wa makosa ya aina hiyo unatosha. Mwanafunzi anataka kuhesabu vitu vilivyomo katika orodha, anaandika:

(define (idadi orodha)
  (cond
    [(empty? orodha) 0]
    [else 1 + (idadi (rest orodha))]))

Kwa jicho la aliyesoma hesabu za kawaida hakuna ubaya: moja, jumlisha idadi ya vilivyobaki. Ukiiendesha katika Racket, lahaja iliyotokana na Scheme, ile kamili ya wazoefu, haileti lalamiko lolote. Unaipa orodha ya vitu vitatu, inajibu 0. Unaipa mia, inajibu 0. Sababu ni kwamba mstari wa mwisho unasomeka kama mambo matatu yanayofuatana: inatazama 1 na kuitupa, inatazama + na kuitupa, kisha inarudisha jibu la fanksheni iliyojiita, ambalo mwisho wake ni 0. Ilipasa kuwa (+ 1 (idadi (rest orodha))). Mwanafunzi anaweza kukesha hapo, kwa sababu mashine iliyonyamaza haimpi pa kushika.

Felleisen na wenzake walijenga DrScheme, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo, ambayo leo inaitwa DrRacket, na ndani yake wakaweka lugha za wanafunzi kwa ngazi. Katika ngazi ya mwanzo, kifungu cha cond kinaruhusiwa swali moja na jibu moja tu. Msimbo huo huo unakataliwa papo hapo, mahali penye kosa panapakwa rangi, na ujumbe unaeleza kwamba kifungu kimekutwa na sehemu nne. Ukiandika (2 + 3), unaambiwa kuwa baada ya bano la kufungua ilitarajiwa fanksheni, imekutwa namba. Aidha, kila ukibonyeza kitufe cha kuendesha, programu huanza upya, hivyo fanksheni uliyoifuta jana haibaki kumbukumbuni ikakudanganya leo. Mabano yanaonyeshwa yanavyokutana, na maelezo ya matumizi huja pamoja na usakinishaji kamili, jambo kubwa kwa anayehesabu megabaiti.

Kwa hiyo, anayeanza kutoka sifuri nampa DrRacket katika ngazi ya mwanzo, pamoja na kitabu chao cha mwaka 2001, How to Design Programs, kinachosomeka bure mtandaoni. Naketi naye siku ya kwanza, tunakosea kwa makusudi, tunasoma kila ujumbe kwa sauti. Akishaweza mwenyewe kuandika fanksheni inayopita orodha iliyo ndani ya orodha, SBCL na Emacs zitamfaa, na ile sehemu ya kusaka makosa ataiona ilivyo nzuri.

Lakini hata ushauri huo si wa kila mtu. Mchora ramani anayeshinda ndani ya AutoCAD tayari anayo AutoLISP humo humo. Aandike amri fupi ya kumchorea kile anachokichora kwa mkono kila siku, aione inafanya kazi kabla ya chakula cha mchana. Anayeandika Java kazini, hiyo milolongo ya Clojure anaifahamu, aende moja kwa moja. Kumzungusha mtu wa namna hiyo kwenye DrRacket kwanza ni kumchelewesha.