FIMBO NA MBWA MKALI
Je, Mkristo amrudi mnyama wake kwa njia gani?



Hapa Bukavu watu wengi wanafuga mbwa kwa sababu ya usiku. Tangu vita ya 1996 mpaka M23 walipoingia mjini Februari 2025, usingizi wetu umekuwa mwepesi, na mbwa anayebweka mlangoni ni faraja kwa jamaa. Lakini mbwa yule yule anayemfukuza mwizi usiku anaweza kumuuma mchana mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Huko Kadutu, ambako nyumba zimebanana mlimani, hakuna nafasi ya kumkwepa. Basi mwenye mbwa anashika fimbo, anampiga mpaka analia, kisha anasema: "Sasa amejifunza." Tunauliza: amejifunza nini?

Mbwa hajui kwamba anapigwa kwa ajili ya mtoto aliyeumwa saa moja iliyopita. Anajua tu kwamba bwana wake amekuja na maumivu. Akipigwa mbele ya mtoto, anajua kwamba mtoto alikuja, na maumivu yakafuata. Kesho atamwogopa mtoto kuliko jana, na mbwa wengi wanauma kwa sababu ya woga. Akipigwa kwa kunguruma, anajifunza kunyamaza. Lakini kule kunguruma kulikuwa onyo: "Usinikaribie." Fimbo imeondoa onyo, haikuondoa meno. Siku nyingine atauma pasipo kunguruma, na hatari ni kubwa zaidi.

Tusome Hesabu 22. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kwa kuwa alikataa njia, kumbe punda alimwona malaika ambaye bwana wake hakumwona. Malaika hakumshitaki punda. Alimwuliza Balaamu kwa nini alimpiga. Tusome tena Kutoka 21: mtu mwenye ng'ombe anayejulikana kwa kupiga pembe, akiwa ameonywa na asimfunge, hatia ni ya mwenyewe. Mahali pote pawili neno linamrudia mwenye mnyama. Wahenga nao walisema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Wengine watasema: "Lakini Mithali inataja fimbo ya adhabu." Ndiyo, inaitaja kwa ajili ya mwana, ambaye anaweza kuelezwa kosa lake akaelewa. Kitabu hicho hicho, sura ya 12 mstari wa 10, kinafundisha kwamba mwenye haki anaujali uhai wa mnyama wake. Na katika Zaburi 23 fimbo ya mchungaji inamfariji kondoo. Fimbo inayofariji si ile inayompiga. Ni ile inayomlinda na kumwongoza njia.

Sisi Wakongo tunaijua fimbo. Wakati wa ukoloni ilitengenezwa kwa ngozi ya kiboko, na wazee wetu waliipokea migongoni. Mwaka 1921 mahakama ya Thysville ilimhukumu Simon Kimbangu kifo pamoja na mapigo 120. Kifo kikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Je, fimbo ile ilibadilisha moyo wake, au wa waliomfuata? Hapana. Hatumlinganishi mtu wa Mungu na mnyama. Tunaipima fimbo yenyewe. Inaweza kuinamisha mgongo, lakini haifundishi moyo.

Basi, mnyama anaweza kujifunza pasipo kupigwa? Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Huko Morogoro shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipata harufu sawasawa, anasikia mlio mdogo na kupewa kitu kitamu, kama kipande cha ndizi. Panya mmoja, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mpaka alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71. Ikiwa panya anaokoa watu kwa kipande cha ndizi, mbwa wako atashindwa nini?

Kuacha fimbo si kuacha kumrudi. Kazi inakuwa nyingi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi: mzoeze mbwa wageni na watoto tangu akiwa mdogo. Jamaa yote itumie neno moja la kumkataza, siyo baba aseme hivi na watoto vile. Akitii, mpe papo hapo kichwa cha sambaza na maneno mazuri. Akianza ukali, mwondoe pale kimya, umfungie kando mpaka atulie. Usimfunge kamba fupi mchana kutwa, wala usiwaache watoto wamtupie mawe. Ikiwa amekwisha kuuma, asikae tena huru mahali watoto wanapopita. Hiyo ni haki ya jirani. Tena mpeleke kwa veterinere apate chanjo, maana kichaa cha mbwa, dalili zikionekana, karibu kila mara huua. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wapendwa, tumeona watu wengi wakitawaliwa kwa woga katika nchi hii. Mungu ametupa kila mmoja mahali padogo pa kutawala kwa namna nyingine, na kwa wengine mahali hapo panaanzia kwa mbwa wa mlangoni. Jirani anayepita mbele ya nyumba yako atajua unatawala kwa roho gani.

Bwana awape uvumilivu. Amina.