Meseji za Luku

Mwenye gesti huyu nimemtunga, ila madeni yake ni ya kweli na wenye kudaiwa mfano wake ni wengi. Anaishi Kilosa mjini. Gesti yake iko Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, pale madereva wa malori wanapolala. Kiwanja kilipimwa, akapata hati, akaifungia kabatini.

Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye Luku, alishukuru. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Hakuna foleni, hakuna kukadiriwa. Meseji za Luku akazitunza kwenye simu, na yeyote aliyetaja neno kodi alionyeshwa. Miezi ambayo gesti ilifungwa hakununua umeme, akadhani amepumzika kulipa. Aliponunua tena, makato ya miezi yote yalikuja kwa mkupuo, akamlaumu wakala kwa kumpa uniti pungufu.

Hilo dogo. Kampuni moja ya ujenzi ilimpangisha vyumba vyote kwa mwaka, ikamlipa pungufu kwa asilimia 10. Akawaka: kodi ya nyumba yangu nalipa kwenye umeme, mnanikata nini tena? Ile ilikuwa kodi ya zuio. Haitozwi kwenye jengo, inatozwa kwenye kipato kitokanacho na pango; mpangaji huikata na kuiwasilisha TRA kwa jina la mwenye nyumba. Walimpa hati ya kuthibitisha makato. Kwa hasira akaiacha mezani, na hiyo ndiyo karatasi ambayo angeihitaji kuliko meseji zake zote.

Kikubwa kilikuwa ardhini. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati ni mpangaji wa muda mrefu. Ndiyo maana hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hulipwa Wizara ya Ardhi, kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotokana na kiwanja chenyewe. Luku haihusiki, wala mita haijui kiwanja ni kitalu gani. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, mdai alifika mlangoni na askari. Ukatili ule hatuutamani, lakini aliyedaiwa alijua anadaiwa. Leo deni hukua kimya, na riba juu yake. Nadhani Serikali nayo ina sehemu ya lawama: imeweka kodi moja mahali ambapo mtu haikwepi, nyingine ikaiacha ikumbukwe na mwenyewe.

Na mtu wa Kilosa hana udhuru wa kusema hajasikia. Wilaya hii imeshuhudia mashamba makubwa, mengi ya enzi za mkonge, yakigeuka mapori mpaka miliki zake zikabatilishwa na ardhi kurudi kwa wananchi. Kutoyaendeleza na kutolipa kodi ya ardhi ndizo sababu zilizosikika mara kwa mara. Mwenye gesti alishangilia habari hizo kijiweni kama wengine. Hakufikiri kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inayombana mwenye maelfu ya ekari inambana pia mwenye kiwanja kimoja.

Aligundua alipotaka mkopo wa kuongeza vyumba. Benki ilitaka hati pamoja na risiti za pango la ardhi. Akaenda ofisi ya ardhi na simu yake mkononi.

"Shikamoo mzee. Hizi ni za jengo," afisa alimwambia. "Mimi nauliza za kiwanja."

"Kwani jengo limesimama hewani, mwanangu?"

Afisa alicheka, kisha akamtolea hesabu: miaka yote tangu hati itoke, na riba. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa riba kwa watakaomaliza deni la msingi. Mzee alikuwa ameusikia redioni, akaona unawahusu wenye mashamba. Sasa angechelewa zaidi, kesi ingefika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya tofali na saruji akailipia deni, na ombi la mkopo likasubiri mwaka mwingine.

Afisa alimtaka pia aache namba ya simu inayopatikana. Ile iliyokuwa kwenye jalada lake ilikuwa ya sanduku la posta.