Tijara na Furaha ya Mvuvi

Methali ya mkizi ina sura mbili, na watu wa pwani huzitumia zote bila ya kuona kwamba hazisemi jambo moja. Wapo wasemao, "Hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi." Wapo wasemao, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi." Sura ya kwanza ni ya sokoni, ya mtu mwenye watoto wa kulisha na deni la nyavu. Ya pili haitaji soko wala njaa. Mvuvi wake anafurahi tu. Mzazi anayemwonya kijana mwenye hamaki huona sura yoyote yatosha, kwani shabaha ya methali ni mkizi: usiruke ovyo, utaangukia chomboni mwa adui yako. Mvuvi ameachwa pembeni na hakuna aliyemuuliza kitu. Kumbe yeye ndiye mwenye jambo la kujibu, maana mkizi akishatua chomboni, habari yake imekwisha.

Jambo hilo halionekani vizuri na mtu aliyezaliwa ufukweni, kwa kuwa jicho lake limezoea. Huonekana wanapofika wageni. Ichukuliwe safari ya namna inayofanywa na watu wa Handeni na Korogwe: walimu wa shule mbili jirani, au wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wamechanga fedha, wamekodi basi dogo na kuazimia kuimaliza siku ya mapumziko mjini Pangani, wakivua mikizi kutoka gatini. Wa Handeni wamewapitia wenzao wa Korogwe alfajiri. Wamekwenda pamoja Segera, Hale na Muheza, kisha wakaishika njia ya Pangani. Wamebeba sufuria, mchele, mkaa, ndimu, na mishipi mipya ambayo bado imeviringwa kama ilivyotoka dukani. Katikati yao yumo mzee mmoja au wawili, waliochukuliwa kwa heshima na kwa ajili ya dua ya safari.

Kwa hakika hawaendi mbali na kwao. Mto unaopita Korogwe ndio huo huo unaomwaga maji yake mbele ya gati. Umetoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukatuama katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ukapita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale, inayofanya kazi hiyo tangu 1964, kisha ukayashuka maporomoko hadi baharini. Handeni, nchi kavu ambayo wenyeji wake wanaijua thamani ya ndoo ya maji, imekuwa ikinywa kutoka mto huo kwa bomba tangu miaka ya 1970. Lakini mkizi hafiki huko. Yeye huzaa baharini, na wanawe huingia mlangoni mwa mto kukulia katika maji yaliyochanganyika. Ngazi ya maporomoko haipandi. Samaki wa Korogwe ni perege na kambare. Mtoto wa bara hujifunza methali ya mkizi darasani, akaijibu vizuri kwenye mtihani, na huenda akazeeka bila ya kumwona mkizi hata kwenye sahani.

Sasa wako gatini, na mkizi si samaki wa kupatikana kwa papara. Chakula chake ni tope laini, mwani na vijidudu vilivyomo. Mdomo wake mdogo hukinyonyanyonya chambo bila ya kukimeza. Ndiyo maana wavuvi wa kazi humtafuta zaidi kwa nyavu. Anayemtaka kwa mshipi hana budi atumie ndoana ndogo, donge la mkate au la unga uliokandwa, na subira ambayo kwa kawaida haipandi mabasi ya kukodi. Kwa saa nzima hakuna kinachotokea ila mizaha. Kisha maji yanaanza kujaa, kundi linaingia, mkizi mmoja anaruka juu ya maji mara mbili, mara tatu, ubavu ukimeta juani, na gati zima linapiga ukelele. Wa kwanza anayempata huyo samaki hupongezwa kama bwana harusi. Samaki mwenyewe hutupwa juu ya saruji iliyokwisha kupata moto. Anapigapiga mkia, anatulia, anapigapiga tena. Matamvua yanafunguka na kufunga. Watu wamekwisha kuirudia mishipi yao.

Hapo ndipo mzee wa Handeni, ambaye amechinja mbuzi na kuku maisha yake yote, huuliza swali ambalo kijana wa gatini hakulitarajia: "Mwanangu, mbona huyu hammalizi?" Jibu huja na tabasamu la heshima: "Babu, samaki hachinjwi."

Kijana amejibu sawa, ila amejibu swali jingine. Ni kweli samaki hachinjwi. Kila mtoto wa chuoni anajua kwamba maiti mbili zimehalalishwa, ya samaki na ya nzige. Lakini ruhusa hiyo imekuja juu ya kula. Haikusema kwamba ni vema kiumbe aachwe juani nusu saa nzima akiitafuta pumzi, wakati kisu cha kukatia ndimu kiko hatua mbili kutoka alipolala. Mafundisho hayo hayo yanamwamuru mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake, na yanakataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Mzee hakuuliza uhalali wa nyama. Aliuliza adabu ya mkono. Na kama mbuzi ana haki ya kisu kikali kwa sababu analia, basi haki hiyo si ya mbuzi bali ya masikio ya watu. Samaki ameikosa kwa kuwa Mola hakumpa sauti ya kuwasumbua.

Yupo atakayesema kwamba samaki hasikii maumivu, na kwamba kule kupigapiga mkia ni mshtuko wa nyama tu. Neno hili lilisemwa kwa miaka mingi hata na wasomi. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Uingereza, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, walitangaza kwamba wameona katika kichwa cha samaki aitwaye trauti mishipa ya fahamu inayopokea madhara, na kwamba samaki waliodungwa asidi mdomoni waliisugua midomo yao kwenye changarawe na wakachelewa kukirudia chakula. Ubishi haukuisha siku hiyo, na bado wapo wanaosema kwamba kupokea madhara si sawa na kuteseka. Na wabishane. Mtu aliye gatini hana haja ya kungoja hukumu yao, kwani kummaliza samaki mara moja hakumgharimu kitu, na kama amekosea upande huo hakuna aliyedhurika.

Lililo zito zaidi ni lile neno "hasira". Nani alimwambia mvuvi kwamba mkizi amekasirika? Mkizi huruka anapofukuzwa na samaki mkubwa, huruka anapozungukwa na wavu, na pengine huruka kwa sababu ambazo wataalamu hawajakubaliana. Katika hizo zinazojulikana hakuna ghadhabu hata moja. Kuna hofu. Ila mtu hawezi kusema bila ya haya, "Hofu ya mkizi, furaha ya mvuvi." Methali ingekataa kutamkika. Kwa hiyo hofu ikabatizwa jina la hasira, na mwenye hasira, kama ijulikanavyo, amejitakia.

Ubatizo wa namna hii haukuishia kwa samaki, na mji wa Pangani una ushahidi wake. Mwaka 1888, kampuni ya Kijerumani ilipojitwalia utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani, wakala wake Emil von Zelewski aliwavunjia heshima liwali na wenyeji, akapandisha bendera ya kampuni mahali ambapo watu walijua bendera moja tu. Watu wakainuka, Abushiri bin Salim akiwa mmoja wa viongozi wao. Huko Ujerumani jambo hilo likaitwa ghasia za Waarabu, hamaki ya wafanyabiashara ya watumwa. Ni kweli kwamba katika walioinuka walikuwamo wenye mashamba na watumwa. Lakini khofu ya mji mzima wa kupokonywa bandari, sheria na heshima yake ilifichwa ndani ya neno hilo moja, na mvuvi akapata sababu ya kuleta majeshi. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani Disemba 1889. Kufikia 1891 pwani yote ilikuwa mikononi mwa serikali ya Ujerumani, na mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi ya Tanga, zao ambalo baadaye lilijaza mabonde hadi Korogwe na kuleta manamba kutoka mbali. Yamkini katika lile basi dogo wamo wajukuu wa manamba hao. Kama ipo hasira iliyopata kuwa tijara ya mtu, ni hiyo.

Wapenzi wa mashairi wanaijua kanuni hii kwa upande wa mchezo. Katika malumbano ya malenga, aliyeghadhibika hupoteza mizani kwanza, kisha vina, kisha kicheko cha hadhira humwendea mwenzake. Hapo hakuna ubaya, kwa kuwa wote wawili waliingia uwanjani kwa hiari na kesho watakunywa kahawa baraza moja. Mkizi hakuingia uwanjani.

Je, basi, tijara ni safi kuliko furaha? Ni rahisi kusema hivyo, na watu wapole hupenda kusema hivyo: anayevua kwa njaa amesamehewa, anayevua kwa starehe ana lawama. Mkoa wa Tanga haukubaliani na urahisi huo. Baruti ilipigwa marufuku katika uvuvi tangu 1970, na kwa miongo mingi baadaye milipuko iliendelea kusikika kwenye miamba ya mkoa huo. Waliorusha baruti hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa tijara, na mlipuko mmoja uliua wa kuuzwa na wasiouzika pamoja na matumbawe yaliyowalea. Njaa humpa mtu haki ya kula, haimfundishi kipimo.

Na furaha nayo isionewe. Lile kundi la gatini halikuchanga fedha ili lione kiumbe kikiteseka. Lilikuja kwa ajili ya upepo, kwa ajili ya kumcheka mwalimu mkuu aliyejinasa ndoana katika suruali yake, kwa ajili ya wali uliopikwa na mikono mingi. Mshipi ni kisingizio cha kukaa pamoja bila ya kulazimika kuzungumza, na visingizio vya namna hiyo vimekuwa adimu. Ila furaha ina kasoro moja ambayo tijara haina: haijui kujaa. Mwenye tijara hulijua tenga lake na idadi ya wateja wake. Mwenye furaha, akipata watatu wanaotosha kitoweo, humtaka wa nne kwa ajili ya kelele za wenzake, na wa tano kwa sababu jirani yake amepata wanne. Jioni inapofika, mikizi kumi na wawili wamekauka juu ya saruji, barafu haitoshi, safari ya kurudi Korogwe ni ndefu, na hakuna anayekumbuka yupi alikuwa wa kuliwa.

Mzee wa Handeni hakukataza uvuvi. Alipopewa kipande cha samaki wa kuchoma alikila, akaramba vidole, akasema ni kitamu kuliko kambare. Swali lake lilikuwa dogo na lingejibika kwa pigo moja la kichwani. Wavuvi wenyewe wanalijua pigo hilo vema. Wanaokwenda bahari kuu huweka gongo chomboni kwa ajili ya papa na nduaro, na samaki mkubwa akishapandishwa hupigwa mara moja, mara mbili, akatulia. Hufanya hivyo ili asije akavunja mbao za chombo au mguu wa baharia. Mkizi hana uwezo wa kuvunja chochote, na gatini hakuna aliyebeba gongo.