Majani Kabla ya Mvua

Umri ukisogea mtu hushtuka kuona majina ya rafiki zake yamehamia katika orodha isomwayo kanisani tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wote. Sisemi juu ya kila tuliyejuana naye. Nasema juu ya wale wachache waliotufanya tutamani kuwa watu wema zaidi: mwalimu mwenzetu aliyesahihisha madaftari kwa taa ya chemli hadi usiku, au mama aliyesema kweli hata ilipomletea hasara. Mtu wa namna hiyo akifa, twapigwa mara mbili. Tumempoteza yeye, tena twaogopa kwamba na ule wema aliouamsha ndani yetu utazimika.

Huzuni ikizidi, wengi wetu hapa Masasi hutoka nje. Mmoja huenda kupalilia mikorosho, mwingine hukaa kimya akiitazama miamba ya Mtandi. Hapo huja maswali mawili. Je, ni haki Mkristo kutafuta faraja katika miti na mawe, hali anayo Altare na sala? Na je, kufarijika si kumsahau aliyekufa?

Swali la kwanza limejibiwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 14. Bwana Yesu alipopata habari kwamba Yohana Mbatizaji ameuawa, alipanda chombo akaenda peke yake mahali pasipokaliwa na watu. Asimlaumu mtu, basi, mwenye msiba atafutaye upweke. Lakini tuangalie na yaliyofuata: watu walipomwandama huko, aliwahurumia, akawaponya wagonjwa, na jioni akawalisha.

Swali la pili ni gumu zaidi. Daudi, alipomlilia Yonathani, aliitakia milima ya Gilboa ikose umande na mvua. Kila aliyefiwa amjua Daudi hapo. Twakasirika kwamba jua linachomoza kana kwamba hakuna lililotokea. Viumbe havilii pamoja nasi. Mwanzo jambo hilo huuma. Baadaye hutupumzisha, maana twaona kwamba dunia ya Mungu haingoji nguvu zetu ili iendelee.

Tena yatufundisha. Itazameni miombo yetu mwezi wa Oktoba. Ardhi imekauka, mioto ya porini imepita, mvua bado. Hata hivyo miti yatoa majani machanga mekundu. Huyapata wapi? Hutumia maji yaliyowekwa akiba katika shina, na yale ambayo mizizi mirefu huyafikia chini. Rafiki mwema naye alituwekea akiba. Hakuzikwa nayo.

Sisemi kwamba mti hufuta kifo. Kiti chake kitabaki kitupu, na tumaini letu la ufufuo latoka kwa Kristo, si kwa majani. Majani ni mfano tu. Lakini mfano huu waonyesha kusahau ni nini hasa: ni kuiacha akiba ile ikauke, tukampita mtoto asiyejua kusoma, tukanyamaza mahali ambapo rafiki yetu angalisema.

Basi, mwenye huzuni na aende porini kwa amani, wala asihesabiwe kuwa amepungukiwa imani. Na akirudi kijijini, afanye jambo moja ambalo marehemu angalilifanya kama angalikuwapo.