Imetengwa, Imeidhinishwa, Imetolewa

Mjomba wangu alijenga vyumba viwili vya duka kwa sababu ya sentensi niliyoandika mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilitumwa kuripoti ziara ya kiongozi mmoja kwenye vilima vya Kasulu. Mvua zilikuwa zimeshaanza, gari zetu zikanasa mara mbili kwenye udongo mwekundu, na wananchi waliokuja kumsikiliza ndio waliotusukuma. Kiongozi akapanda jukwaani na viatu vya matope, akatoa pole, akasema fedha za barabara ile zimeshatengwa. Vigelegele vikapigwa. Jioni nikaandika kwamba barabara itajengwa kwa kiwango cha lami, na habari ikasomwa redioni.

Mjomba aliisikia, na kwa kuwa jina lililotajwa mwishoni lilikuwa la mpwa wake, akaiamini mara mbili. Akakopa kwenye kikundi, akafyatua tofali, akajenga pembeni ya barabara ile. Sisemi barabara kuu iendayo Kibondo. Hii ni ya pembeni, ya kuingia vijijini. Lami haikuja mwaka ule wala uliofuata. Ng'ombe wawili wakauzwa kulipa mkopo. Nilipokwenda kumsalimia hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Hivi mjomba," maana tunaitana hivyo sisi wawili, "kutengwa maana yake nini?"

Nilidhani najua. Mtu akitengwa na kanisa au na ukoo wake, maana yake amewekwa kando, hasogelewi. Fedha zikitengwa tunapiga vigelegele.

Tuliofuatilia Bunge kwa miaka kadhaa tunajua kuna ngazi nne, na kila ngazi ina kitenzi chake. Kati ya Aprili na Juni, mawaziri husoma hotuba zao Dodoma na kueleza fedha *zilizotengwa*. Wabunge wakipiga kura, *zimeidhinishwa*. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kuanzia hapo Hazina hutoa fedha kidogo kidogo kadiri zinavyopatikana. Hizo ndizo *zilizotolewa*. Mwisho kabisa, greda likishapita na mkandarasi akalipwa, *zimetumika*. Kati ya kitenzi cha kwanza na cha nne mtu anaweza kujenga duka, akakopa, na akauza ng'ombe.

Tazama pia kinachoviunganisha vitenzi vitatu vya kwanza: ile -w- ndogo ya kutendwa. Imetengwa na nani? Haikutolewa na nani? Sarufi yetu inamruhusu mtendaji akae nje ya sentensi bila mtu kuona pengo. Sisi wapenzi wa fasihi tunaweza kuliita suala la mtindo. Kwa mjomba ni suala la nani wa kumwendea.

Hapa ndipo linapoingia swali la kimaadili ambalo limenisumbua muda mrefu. Je, tangazo la fedha ni ahadi? Wahenga walishasema ahadi ni deni. Lakini ukimbana msemaji, atakujibu kwamba hakuahidi chochote, alitoa taarifa tu. Ukimwambia basi taarifa yako ilikuwa ya uongo, atasema haikuwa ya uongo, fedha zilikuwa kwenye kitabu cha bajeti. Anasimama katikati: anapokea vigelegele vya ahadi, na anabeba wajibu wa taarifa.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba maneno mengine hayaelezi jambo bali hulitenda. Anayesema "naahidi" hasimulii ahadi. Ndiyo kwanza anaifunga. Ila Austin aliweka masharti: maneno hayo hutenda pale tu yanaposemwa na mwenye mamlaka, kwa utaratibu unaokubalika. Mpita njia akiivamia meli bandarini, akapasua chupa na kuipa jina, meli haijapata jina.

Sasa chukua sharti hilo ulipeleke kwenye mkutano wa hadhara. Ibara ya 136 ya Katiba yetu inazuia fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila kuidhinishwa kisheria, na kwa matumizi ya kawaida ya Serikali idhini hiyo inapitia Bunge. Kwa hiyo kiongozi anayesema jukwaani "natoa bilioni kadhaa" anatamka tendo ambalo si lake peke yake. Wenye kulikamilisha wako Dodoma. Na Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, pamoja na kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Kwa maneno ya mtaani: kuna watu tumewaajiri wakumbuke alichosema mtu jukwaani.

Haya, wanakumbuka? Mara nyingine ndiyo. Mbunge anaweza "kushika shilingi" ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kueleweka. Kwa miaka mingi barabara ya Kidahwe hadi Nyakanazi ilitajwa bungeni mpaka tukakariri majibu yake. Mtoto wa Kibondo alijua "upembuzi yakinifu" na "usanifu wa kina" kabla hajaona lami. Na lile jibu kuu, "Serikali inaendelea kutafuta fedha", lina ujanja wake: anayetafuta huwezi kumdai.

Lakini msimamizi naye ana vikwazo vyake. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, hivyo anayeshika shilingi anajua inaweza kuondoka na kiti chake. Mawaziri wetu nao ni wabunge. Marehemu Atashasta Nditiye, mbunge wa Muhambwe huko Kibondo hadi alipofariki Februari 2021, aliwahi kuwa Naibu Waziri wa Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano. Profesa Joyce Ndalichako alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini huku akiwa waziri. Simlaumu yeyote kati yao, na watu wetu walijivunia kuwa na mtu serikalini. Nasema tu kwamba jimbo likipata waziri linapoteza muulizaji, kwa sababu waziri hasimami bungeni kuiuliza Serikali swali. Yeye ndiye Serikali.

Ongeza na sisi wasikilizaji. Januari 2016 ilitangazwa kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Aprili 2019 Bunge lenyewe likaazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kusema kuna udhaifu bungeni. Huyu ndiye anayekagua kama kilichoidhinishwa kilitolewa na kilifanya kazi gani. Msimamizi akigombana na mkaguzi, anayesinzia kwa raha ni mkaguliwa.

Kuna atakayeniambia: ndugu mwandishi, unadai mno. Serikali hutangaza kwa nia njema, kisha mapato yanapungua, bei zinapanda, mfadhili anachelewa. Na watu wanahitaji tumaini. Ukiwaambia "labda" kila siku watakata tamaa. Nakubali sehemu ya hoja hii. Mtu mwaminifu anaweza kushindwa kutimiza ahadi na akabaki mwaminifu. Ila mwaminifu aliyeshindwa ana dalili moja: hurudi. Anakuja kusema nimekwama, sababu ni hii, tarehe mpya ni hii. Mdaiwa anayepita njia nyingine ili asikutane nawe si sawa na aliyekuja kuomba muda, hata kama mifuko yao ni mitupu vilevile. Kinachonikera si fedha kuchelewa. Ni kwamba hakuna aliyerudi pale jukwaani kumweleza mjomba chochote.

Barabara kuu inatufundisha kitu hapa. Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 322 kwa mradi wa pamoja wa Tanzania na Burundi: kilometa 45 za Rumonge hadi Gitaza upande wao, na takriban kilometa 260 za Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu upande wetu. Upande wetu kazi iligawanywa vipande vinne, kila kimoja na urefu wake. Haikuwa rahisi wala haraka. Lakini tangazo lile lilikuwa na mikono ya kulishikia: nani anatoa, kiasi gani, kutoka wapi hadi wapi, kipande cha nani. Mbunge aliweza kuuliza kipande cha Nduta kimefika wapi, na abiria wa basi angeweza kumkosoa waziri kwa kuhesabu tu vibao vya kilometa.

Kwa hiyo nadhani uaminifu wa tangazo haupimwi kwa nia ya msemaji, ambayo hatuioni. Unapimwa kwa kile anachomwachia msikilizaji ili aweze kumuuliza baadaye. Tangazo lisiloulizika haliwi ahadi hata likipigiwa vigelegele, na Bunge linaloliacha lipite bila kuuliza linashiriki kumkopesha mwananchi tumaini kwa riba.

Na mimi je? Nilikuwa mkono wa tatu katika biashara ile. Kiongozi alisema "zimetengwa". Mimi ndiye niliyeandika "itajengwa". Hakuna aliyenilazimisha kuruka ngazi tatu kwa kitenzi kimoja. Ilisomeka vizuri tu.

Mwezi uliopita nilipita kwa mjomba. Chumba kimoja anahifadhi maharage, kingine amempangishia kinyozi. Tuliketi kibarazani, nikamwandikia nyuma ya risiti habari ile kama ilivyopaswa kuwa: *Kiongozi amesema fedha za barabara hii zimetengwa, Bunge halijaziidhinisha, Hazina haijazitoa, na hakutaja tarehe.* Akaisoma taratibu, akacheka. "Hii," akasema, "nisingeijengea hata banda la kuku."

Akaikunja, akaiweka mfukoni.