Udhuru wa Superman

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, Superman alifeli kupimwa macho. Mkasa huo ulichorwa katika vibonzo vya magazetini. Clark Kent, mwandishi wa habari mwenye miwani ambaye ndani ya shati la kazini ndiye Superman mwenyewe, anakwenda kujiandikisha jeshini kama vijana wenzake. Daktari anamsimamisha mbele ya chati ya herufi. Kwa pupa ya kutaka kufaulu, macho yake yanayopenya kuta yanapitiliza na kusoma chati iliyobandikwa chumba cha pili. Herufi hazilingani. Daktari anaamua kwamba huyu haoni, na kiumbe mwenye nguvu kuliko wote duniani anaambiwa arudi nyumbani.

Unacheka, na kweli inachekesha. Lakini waliotunga walikuwa wamebanwa pabaya. Vita ilikuwa ya kweli. Kama Superman angeimaliza kwenye karatasi, askari anayesoma kambini angejua anadanganywa, maana kesho yake anapelekwa mstari wa mbele. Na kama Superman angekaa tu akitazama, angekuwa katili. Ikabidi atafutiwe udhuru. Wanazuoni wa dini wamehangaika na fumbo hilohilo kwa karne nyingi: ikiwa yupo mwenye uwezo wote, naye ana huruma, mbona maovu yanaendelea?

Hapo ndipo ninapoiona dini katika hadithi hizi. Wengi huitafuta kwenye alama, nazo alama zimejaa tele. Mtoto anatiwa ndani ya chombo na wazazi wake ili aokoke na maangamizi, analelewa na watu baki: huyo ni Musa. Katika filamu ya Richard Donner ya mwaka 1978, baba aliye mbali anamtuma mwanawe wa pekee kwa wanadamu. Katika *Man of Steel* ya mwaka 2013, Superman ana miaka 33, anaingia kanisani kutaka ushauri wa padri, na kioo cha rangi nyuma yake kinamwonyesha Yesu akisali Gethsemane. Kampuni ya Warner Bros. iliwaandalia hata wachungaji dondoo za mahubiri kuhusu filamu hiyo. Alama ambayo muuzaji mwenyewe anakutia mkononi haihitaji mchambuzi.

Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Ohio, waliomtunga Superman, hawakuanza na mungu. Superman wa toleo la kwanza la *Action Comics*, mwaka 1938, haruki angani kama ndege. Anaruka kama panzi, jengo hadi jengo. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo, anayekaribia kuuawa kwa kosa lisilo lake. Anamtia adabu mume anayempiga mkewe. Anamwandama mtu anayemrubuni seneta. Katika toleo la tatu anamkuta mmiliki wa mgodi asiyejali usalama wa wachimbaji. Basi anamfungia chini ya ardhi, yeye na wageni wake wa karamu waliovalia nguo za kifahari, mpaka waonje kukosa hewa kulivyo. Hiyo ni hasira ya nabii Amosi, aliyewakemea matajiri waliowakanyaga maskini. Nguvu zake bado zina mipaka, kwa hiyo hakuna anayemuuliza kuhusu wale asiowafikia.

Balaa lilikuja nguvu zilipokua. Mapema mwaka 1940 jarida la *Look* liliwaomba wawili hao waonyeshe jinsi Superman angevimaliza vita vya Ulaya. Wakatumia kurasa mbili tu: Hitler anakamatwa, Stalin anakamatwa, wote wanabebwa hadi Geneva kushtakiwa mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Gazeti la SS, kikosi cha Wanazi, liitwalo *Das Schwarze Korps*, likamshambulia Siegel kwa Uyahudi wake. Kwa hiyo adui naye alikuwa msomaji. Kisha ikaja miaka ya chati ya macho, miaka ambayo Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiangamizwa. Siegel, mtu wa nyama na damu asiyeweza kuruka hata ua, aliitwa jeshini mwaka 1943 akaenda.

Kadiri shujaa anavyoongezewa uwezo, ndivyo udhuru wake unavyozidi kupwaya. Hakuna mahali panapoonyesha hilo kama mwisho wa filamu ya mwaka 1978. Mapema, Jonathan Kent, mkulima aliyemlea, anafariki kwa moyo, na kijana analalamika kwamba nguvu zote hizo hazikumfaa kumwokoa mzee. Baadaye Lois Lane, mwandishi mwenzake ambaye Superman anampenda, anafukiwa ndani ya gari lake kwa tetemeko la ardhi. Superman anachelewa. Anaivunja amri ya baba yake mzazi ya kutogusa historia ya wanadamu, anaizunguka dunia kwa kasi mpaka wakati unarudi nyuma, na Lois anafufuka akilalamikia gari lake. Watazamaji wanafurahi. Mimi nabaki na Mzee Kent. Ikiwa saa inaweza kurudishwa, basi kila kaburi ambalo Superman hakulifungua ni uamuzi wake, na lile la mzee aliyemlea ni la kwanza kumshtaki.

Tenzi za pwani hazikuingia kwenye mtego huu. Upo *Utenzi wa Rasi'l Ghuli*, ambamo Ali, mkwe wa Mtume Muhammad, anapambana na adui wa kutisha (Batman naye amekuwa na adui wa jina hilo tangu mwaka 1971, sadfa inayomfurahisha kila msomaji wa tenzi). Ali wa tenzi anafyeka majeshi peke yake, lakini hakuna anayemdai hesabu ya wasiookolewa. Nguvu ni za Mwenyezi Mungu, yeye ameazimwa tu. Superman hana wa kumrudishia deni. Mashtaka yote yanaishia mlangoni kwake.

Mwaka 2016 *Batman v Superman* ilijaribu kuyasikiliza mashtaka hayo. Lex Luthor, tajiri aliye adui wa Superman, anaitoa hoja kongwe ambayo huhusishwa na Epikuro: mwenye uwezo wote hawezi kuwa mwema kabisa, na aliye mwema kabisa hawezi kuwa na uwezo wote. Lakini hoja hiyo inauma zaidi kwa Wallace Keefe, aliyepoteza miguu Superman alipopigana juu ya mji wa Metropolis. Keefe anaipanda sanamu ya mwokozi wake na kuiandika kwa rangi kwamba huyu ni mungu wa uongo. Baadaye anafika kwa kiti cha magurudumu kwenye kikao cha maseneta. Superman naye anakuja, kwa hiari yake, kujibu.

Ayubu wa Biblia alidai kikao cha namna hiyo, akasubiri, na mwisho Mungu akasema naye kutoka kwenye upepo wa kisulisuli. Hakuelezwa sababu ya mateso yake, ila alisemeshwa. Keefe hakupata hata hilo. Luthor alikuwa amelificha bomu ndani ya kiti chake. Likalipuka kabla Superman hajafumbua kinywa, likamwua mshtaki na karibu kila aliyekuwamo, isipokuwa mshtakiwa. Filamu ikaendelea kwa zaidi ya saa nzima, Superman akauawa kishujaa kwa ajili ya wanadamu, akazikwa kwa heshima, na swali la Keefe likabaki bila jibu.